Darubini Isiyozungushwa

Kuna uongo unaouzwa madukani kila siku, na nimechoka kuunyamazia: kwamba anayeanza kujifunza kulenga shabaha anahitaji darubini ya kuzungusha, kutoka mara sita hadi mara ishirini na nne, eti akigusa pete tu kila kitu kinamjia mpaka puani. Mimi nasema bunduki ya kujifunzia, ile ndogo ya .22, ifungwe darubini ya ukuzaji mmoja usiobadilika. Mara nne. Ukinibembeleza sana, mara sita.

Najua wengi walio nyumbani watashangazwa na mada yenyewe. Kenya bunduki ni ya askari, ya jambazi, au ya mwenye cheti ambacho wengi wetu hatujawahi hata kukiona. Mimi naishi Texas. Huku kijana wa miaka kumi na mitano kwenda kulenga makopo Jumamosi na mjomba wake ni jambo la kawaida kama kwetu kwenda kuona mechi. Dada yangu hakutaka silaha karibu na mwanawe, na simlaumu, lakini marafiki wa kijana wote wanazo. Tukaona afadhali afundishwe na mtu wake kuliko na video.

Tulianza na .22 kwa sababu inayojulikana. Haikupigi teke begani, kelele zake ni za adabu, na risasi zake huuzwa kwa pakiti za 500 kwa bei ambayo mtu wa kawaida ataimudu. Kazi yake ni moja: kurudia, kurudia, mpaka mwili ushike.

Halafu kijana akachukua akiba yake yote akaenda dukani. Muuzaji akamwambia ukuzaji ukizidi ndipo usahihi unapozidi. Akarudi na bomba refu kama chupa ya chai, lenzi ya mbele milimita 50, limeandikwa 6-24. "Anko, cheki! Unaona hadi kutu ya kopo."

Kutu tuliiona. Kopo hatukulipiga.

Mkono wa binadamu hutetemeka, na moyo ukidunda msalaba wa darubini nao hudunda. Kwa mara nne mtetemo huo ni mdogo machoni, mwanafunzi anauvumilia na kuvuta kifyatulio polepole. Kwa mara ishirini na nne msalaba unacheza isikuti. Kijana anasubiri utulie, hautulii, anachoka, kisha unapopita katikati ya kopo anavuta kwa ghafla, chap! Hapo bunduki yote imeyumba. Mtetemo ni ule ule, bana, darubini haikuuleta. Ila imemfundisha kuuogopa, na tabia hiyo ya kunyakua kifyatulio nimeona watu wazima wakihangaika nayo miaka.

Kuna na hesabu ya mwanga, rahisi kabisa. Gawa upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Lenzi ya milimita 32 kwa mara nne inakupa duara la mwanga la milimita 8, pana kuliko mboni ya jicho hata gizani. Kichwa kikisogea kidogo bado unaona. Lenzi ya 50 kwa mara 24 inakupa milimita 2 na ushee. Kijana alikuwa akitafuta picha kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, shingo imekakamaa, na bado hajaanza kulenga.

Lakini kilichonikasirisha zaidi ni alama. Risasi ya .22 huenda polepole na huanguka haraka: ukiirekebisha ipige sawasawa kwa yadi 50, kwa yadi 100 itakuwa imeshuka inchi sita au saba. Kwa hiyo mwanafunzi anajifunza kulenga kwa alama ya chini ya msalaba. Katika darubini nyingi za kuzungusha, mistari haikui pamoja na picha, kwa hiyo alama hiyo ni kweli kwa ukuzaji mmoja tu. Kijana alijifunza alama yake pete ikiwa 24. Wiki iliyofuata pete ilikuwa 12, akalenga kwa alama ile ile, ambayo sasa ina thamani maradufu. Risasi zote zikapita juu. Akanigeukia: "Anko, hii bunduki ni mbovu." Kwani kosa lake lilikuwa wapi? Alifanya alichofundishwa.

Mtaniambia zipo ambazo mistari hukua pamoja na picha. Zipo, ni nzito na ni ghali, na ukirudi chini mistari inakuwa nyembamba kama uzi wa buibui. Mtaniambia aiache pete palepale. Nionyesheni kijana wa miaka kumi na mitano anayeacha kitu kinachozunguka. Mtaniambia mabingwa wa mashindano hutumia za kuzungusha. Sawa, mabingwa. Bado katika mashindano ya dunia ya .22 ya mita 50 darubini hairuhusiwi kabisa, na duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4. Wanaoteleza juu ya theluji na .22 mgongoni hulala wakihema, wakapiga shabaha ya milimita 45 kwa umbali huo huo, wakichungulia tundu tu. Na hapa hapa Texas, kule El Paso, Bill Weaver alitengeneza K4, mara nne isiyobadilika, na wawindaji wakaishi nayo.

Wenye macho yaliyozeeka nawaachia wazungushe. Mimi mwenyewe nakaribia.

Siku iliyomaliza ubishi tulikuwa shambani kwa rafiki, makopo yadi 50, nyuma yake tuta la udongo. Kijana amelala, pete kwenye 24. Kwa ukuzaji huo unaona futi mbili hivi za dunia. Ndama akatoka kichakani, akasimama hatua mbili kutoka makopo, akaanza kusogea. Nilimwona kwa macho matupu. Nikapiga kelele, kijana akaondoa kidole. Alipoinua kichwa rangi ilimtoka. "Sikumuona, Anko. Wallahi sikumuona." Kwa mara nne angeona futi kumi na nne, ndama na vichaka vyake. Ingekuwa ni mtoto wa rafiki yangu, mwenye miaka sita, anayependa kuwafuata ndama?

Jioni hiyo nilifungua bisibisi, nikamfungia darubini yangu ya zamani ya mara nne, ile iliyorekebishwa kwa yadi 50 kama .22 inavyotaka. Alinuna. Lile bomba lake limo kwenye sanduku chini ya kitanda changu, na kila Jumamosi ananiuliza litatoka lini.