Dosye ya mfanyakazi isilale kwenye mashini moja

Nianze na valizi ya mama.

Baba alipofika kwenye retrete, biro moja, sitaitaja, ilimwambia miaka yake 7 ya kazi haionekani. Mvua ilinyesha, radi ikapiga, mashini ikaungua, na dosye zote zilikuwa mule. "Tata, urudie kesho kutwa." Alirudi kesho kutwa nyingi. Aliyemuokoa ni mama. Tangu nikiwa mtoto, hapa Luano, alikuwa anafungia fishi za mshahara ndani ya valizi chini ya kitanda. Zilinuka naftalini, lakini miezi yote ilikuwamo.

Miye kazi yangu ni ya ordinatere, na haya ilinishika. Mama, asiyejua hata kuwasha mashini, alifanya kile biro ilishindwa: kopi ya pili, mahali pengine.

Iko programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, jina lake Ceph. Ilianzia kwa Sage Weil, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na mwaka 2006 ilielezwa mbele ya wataalamu. Hailipishwi, na kila mtu anaweza kusoma namna ilivyoandikwa na kuitengeneza. Badala ya mashini moja kubwa, unaunganisha nyingi za kawaida, na kila kipande cha dosye kinaandikwa mara 3, kwenye mashini tofauti. Moja ikiungua, zingine zinaendelea kujibu, na zenyewe zinaanza kutengeneza upya kopi iliyopotea. CERN kule Geneva wanaitumia.

Najua wakubwa watasema nini: ile kitu ni ya polepole, tena inakula disiki mara tatu. Zamani walikuwa na haki. Kila data ilikuwa inaandikwa mara mbili kwenye mashini ile ile, kwanza kwenye daftari la muda, kisha mahali pake. Toleo la Luminous la 2017 liliweka njia nyingine, BlueStore, inayoongea na disiki moja kwa moja, na kwa data kubwa ile kazi ya kurudia ikaondoka. Upande wa bei, unaweza kukata dosye vipande 4 na kuongeza 2 vya hesabu. Vikipotea 2, vyovyote, 4 vilivyobaki vinatosha kurudisha yote. Hapo disiki unazonunua ni mara moja na nusu, si mara tatu. Ubaya wake ulikuwa kuchelewa ukitaka kusoma au kubadilisha kitu kidogo. Toleo la 2025, Tentacle, limeanza kuponya hilo: ukiifungua njia hiyo mpya, inagusa vipande vinavyohitajika tu. (Majina haya yote njo ya jamaa ya pweza. Sisi wa Katanga, pweza tunamwona kwenye televizyo.)

Si dawa ya kila kitu. Mashini zote zikiwa chumba kimoja na moto ukaingia, zinaenda zote. Kwa hiyo kopi moja ikae mji mwingine, Likasi ao Kolwezi. Mtu akifuta dosye kwa kosa, Ceph nayo inafuta kopi zote 3, bila kuuliza. Na kila toleo linatunzwa karibu miaka 2 tu. Kuliacha lizeeke ni kurudi kule kule kwa radi. Kubadilisha toleo kunafanywa mashini moja moja, kazi ikiendelea, basi wasituambie itabidi wafunge biro.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Ndani ya disiki mna sahani, na tabaka lile jembamba linaloshika maandishi limechanganywa na kobalti. Kobalti nyingi ya dunia inatoka kwetu. Mtu anaitoa chini ya udongo, inapita Kasumbalesa, inarudi ikiwa disiki, na jina lake mwenyewe linakosa hata nafasi ya pili juu yake.

Kwenye mkutano ujao wa sendika, muulize delege wako: dosye zetu ziko kwenye mashini ngapi? Kopi ya mbali iko mji gani? Toleo ni la mwaka gani? Akijibu kwamba "biko sawa", mwombe akuonyeshe, pale pale, mwezi mmoja wa mwaka ulioanza kazi.