Chora njia ya maji kabla ya kupima viwanja

Kila mafuriko yakipita katika miji yetu hutolewa kauli ile ile: mvua ilikuwa kubwa, isiyo ya kawaida. Naikataa kauli hiyo. Mvua kubwa ndiyo kawaida yetu sasa, na kiongozi anayeendelea kuishangaa anakwepa wajibu wake. Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za El Niño za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 na kujeruhi 236. Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilikuwa limeishukia Katesh. Desemba 2011 ilikuwa zamu ya Dar es Salaam, na wakafa zaidi ya watu 40. Tutashangaa mpaka lini?

Naandika haya kwa ajili ya Litapunga. Najua atakayeuliza: kata ya Halmashauri ya Nsimbo, huko Katavi, ina mji gani hata tuijadili mitaro yake? Hapo hapo ndipo penye hoja yangu. Sensa ya 2012 iliikuta Katavi na watu 564,604. Sensa ya 2022 ikakuta 1,152,958. Mkoa umeongezeka zaidi ya maradufu kwa miaka 10, na hakuna mkoa mwingine nchini uliokua kwa kasi hiyo. Watu hawa wanajenga. Wanajenga kando ya barabara, karibu na soko, karibu na mashine ya kusaga na kijiwe cha bodaboda. Senta ya leo ni mji wa kesho kutwa, na mji ambao bado haujajengwa ndio unaoweza kupewa njia za maji kwa bei nafuu. Nafasi hiyo tunaichezea.

Tazama tunavyofanya. Mpimaji anakuja, mawe ya mipaka yanapandwa, viwanja vinauzwa, nyumba zinainuka, barabara inachongwa na kumwagiwa kifusi. Mtaro huja mwisho, fedha ikibaki. Kwa kuwa ardhi yote imeshagawiwa, mtaro unalazimika kufuata barabara hata pale mteremko unapoelekea kwingine. Umejengwa kwa mawe, umesakafiwa vizuri, umezinduliwa kwa kukata utepe. Halafu nyuma ya ukuta wa mtu unakatika ghafla, kwa sababu bajeti ilikatikia hapo. Maji hayakatiki. Yanamwagika kwa nguvu zote, yanachimba korongo, na kila msimu korongo linaumega uwanja wa mama ambaye hakuwahi kuulizwa chochote. Saa nane za usiku yuko macho, anapandisha magunia ya mahindi juu ya matofali na kuziba kizingiti kwa viroba vya mchanga. Huyo ndiye anayelipia mtaro wetu.

Na tukiujenga, tunaujenga kwa mvua ipi? Wahandisi wana kanuni ya tangu karne ya 19: wingi wa maji yanayofika mtaroni unatokana na ukali wa mvua, ukubwa wa eneo, na sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini. Chukua hekta moja ya miombo na mvua ya milimita 60 kwa saa. Ardhi ikimeza sehemu kubwa, zinatiririka kama lita 50 kwa sekunde. Sasa kata miti, ezeka mabati, shindilia nyua, kisha mvua iongezeke ukali kwa asilimia 20 tu. Hekta ile ile inatoa lita 150 kwa sekunde. Kalavati la sentimita 60, likiwa safi na likiwa na mteremko mzuri, hupitisha takriban lita 600 kwa sekunde. Lilikuwa linatosha hekta 12. Sasa linatosha hekta 4. Mchanga ukilijaza nusu, hata hizo 4 halizimudu. Hakuna muujiza hapo, ni hesabu ya kuzidisha.

Nyongeza hiyo ya asilimia 20 sikuiweka kwa kutisha watu. Kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo hushuka kwa kishindo. Katavi ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Kila kitu hutushukia katika miezi hiyo. Halafu ukiambiwa kalavati limepangiwa “mvua ya miaka 10”, usidhani itakuja baada ya miaka 10. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 10 kila mwaka. Katika miaka 20 ya uhai wa kalavati hilo, uwezekano wa kuzidiwa walau mara moja ni karibu asilimia 88. Na hiyo ni kwa takwimu za mvua za zamani.

Watasema fedha hakuna. Basi waulizeni Dar es Salaam bei ya kuchelewa. Kuliokoa Bonde la Msimbazi, baada ya miaka mingi ya kujenga mabondeni, kumehitaji mradi wa dola milioni 260, watu kuhamishwa, nyumba kubomolewa. Litapunga haihitaji hata chembe ya fedha hizo. Ukanda mpana wa nyasi unaoachwa wazi kwenye mkondo wa asili hauli saruji. Lambo lililochimbwa mahali maji yanapotuama lenyewe hupunguza kasi yao, na kiangazi ng’ombe wananywa. Sheria ya Mazingira ya 2004 tayari inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kinachokosekana ni mtu wa kuusoma mwinuko wa ardhi kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa, na kusema: hapa hapauzwi. Ni heri kusema hivyo leo kuliko kuja baada ya miaka 15 na rangi nyekundu kupiga X kwenye nyumba ya mzee aliyeuziwa kihalali.

Kijiji kina nguvu ambayo mitaa ya mjini haina: mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji lazima upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji. Ndugu zangu wa Litapunga, siku mpango huo ukiletwa mbele yenu, mwambieni mtaalamu aonyeshe kwa kidole maji ya mvua yatapita wapi, yataishia wapi, na nani atazibua makalavati kila Oktoba kabla ya msimu kuanza. Asipoweza kuonyesha, msinyooshe mikono.