Kipande Kingali Shingoni

Babu zetu walivishwa kipande. Sheria ya mwaka 1915 ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba cheti chenye alama za vidole vyake na maandishi ya mwajiri wake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Harry Thuku alikipinga, akatiwa mbaroni mwaka 1922. Hata leo kitambulisho chetu twakiita kipande, wala hatushtuki.

Bendera ilipobadilishwa mwaka 1963, daftari la kachero halikufungwa. Special Branch iliyowasaka wapigania uhuru ilirithiwa ikiwa nzima. Sheria ya mikutano ya mwaka 1950 ilibaki, na kufikia mwaka 1966 kizuizi bila mashtaka kilikuwa kimerudishwa na Wabunge wetu wenyewe. Kilichobadilika ni itikadi tu. Mkoloni alipeleleza kwa jina la Taji. Chama kimoja kilipeleleza kwa jina la amani, upendo na umoja, na aliyehoji aliitwa adui wa taifa.

Mlolongo wa 1988 ulikuwa kilele chake. Mpiga kura alisimama nyuma ya picha ya mgombea, chifu akimtazama, mwajiri akimtazama. Hapo hata kachero hakuhitajika, kwani kila jirani alifanywa shahidi! NCCK ilikuwa imeupinga mpango huo tangu 1986. Jarida lake, Beyond, lilipofichua wizi wa kura hizo, lilipigwa marufuku. Wengine walikuwa wamekwisha kuonja vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo.

Ni kweli, mageuzi yalikuja: leseni za mikutano ziliondolewa mwaka 1997, na Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Hata hivyo, mwaka 2019 raia walipangwa foleni tena, safari hii kwa ajili ya Huduma Namba, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaamua kwamba serikali iliianzisha bila kupima kwanza hatari kwa faragha zao.

Hatupingi vitambulisho. Twataka kujua nani atakayefungua faili zetu, na kwa idhini ya hakimu yupi. Kila parokia na kila kikundi kiliulize swali hili katika baraza la chifu, na jibu liandikwe.