Sahihi Bila Fedha

Tarehe 5 Novemba 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma vya Kenya walikubali kurudi kazini. Walikuwa wamegoma tangu tarehe 17 Septemba, yaani siku 49 kamili. Chama chao, UASU, kilirudi na ahadi ya shilingi bilioni 7.9, zilipwe kwa mafungu mawili: la kwanza Novemba hiyo hiyo, la pili Julai 2026.

Wako watu waliosema kuwa wahadhiri hawa wana tamaa. Twawaomba watu hao watulie kidogo watusikilize. Fedha hizo hazikuwa nyongeza mpya. Zilikuwa baki la mkataba wa 2017–2021, mkataba ambao muda wake ulikwisha miaka minne kabla ya mgomo. Mtu amefanya kazi, amepatana na tajiri wake juu ya malipo, wote wawili wametia sahihi, kisha yambidi agome siku 49 ili alipwe kazi aliyokwisha kuimaliza! Hiyo ndiyo tamaa? Na shilingi ya 2017 si shilingi ya 2025. Kila mama aendaye sokoni kununua unga anajua hayo, wala hakufundishwa uchumi.

Lililotushangaza zaidi ni hesabu. Wahadhiri walidai bilioni 7.9. Upande wa Serikali ulisema kwanza kuwa lililobaki ni milioni 624 tu. Hesabu moja yaizidi nyingine zaidi ya mara kumi na mbili, na karatasi ni ile ile! Ikiwa maprofesa wanaweza kutia sahihi jambo moja na wakuu wa kazi, na kila upande ukaondoka na jumla yake mfukoni, basi kibarua wa bandarini asiyejua kusoma atafanyaje?

Asili ya ugonjwa huu twaijua. Anayekaa mezani na wahadhiri si mwenye mfuko. Mazungumzo hufanywa na mabaraza ya vyuo. Tume ya Mishahara na Marupurupu hutoa shauri lake. Bunge hupitisha makadirio, na Hazina Kuu ndiyo itoayo fedha. Mhadhiri akibisha mlango huu aambiwa ufunguo uko mlango ule. Akifika kule, mwenye ufunguo asema, "Mimi sikuweko mlipopatana."

Sisi tuliopita vyuo vya ualimu hatuwezi kusahau habari ya 1997. Mwaka ule walimu wa shule waligoma, uchaguzi mkuu ulikuwa karibu, na Serikali ikakubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, ilipwe kwa vipande katika miaka mitano. Fungu la kwanza likalipwa. Uchaguzi ukapita. Walimu wakagoma tena 1998, wakagoma tena 2002, wakidai ahadi ile ile. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka wa sahihi walikuwa wakubwa kabla deni halijaisha.

Wala haki ya wahadhiri kukaa mezani haikutoka mbinguni. Chama chao cha zamani kilifutwa 1980. Bwana Willy Mutunga, aliyekuwa katibu wake, aliwekwa kizuizini 1982. Baadaye, 2011, akawa Jaji Mkuu. Mwaka 1993 na 1994 wahadhiri waligoma kwa miezi mingi wakitaka UASU iandikishwe tu, wakanyimwa, na viongozi wao wakafukuzwa kazi. Mmoja wa viongozi hao, Bwana Kilemi Mwiria, alikuwa Waziri Msaidizi wa Elimu baada ya 2003, mwaka ambao chama hatimaye kiliandikishwa. Wakuu wa leo wangefanya vyema kukumbuka jinsi viti hivi vinavyobadilisha wenyewe.

Lakini mshahara si yote. Katika vyuo kadhaa mhadhiri hukatwa fedha za akiba ya uzeeni na za mkopo wa chama cha ushirika. Kwenye karatasi ya mshahara makato yameandikwa vizuri, ila fedha hazifiki zinakopelekwa. Ushirika humdai yeye. Astaafupo hukuta mfuko wake una pengo. Fedha hizo ni zake, zilikwisha kutoka mkononi mwake! Mtunza duka akifanya hivyo na fedha za tajiri wake hushtakiwa.

Na kuna wahadhiri wa muda, ambao hubeba sehemu kubwa ya kufundisha, hulipwa kwa kozi, na wengine hungoja malipo kwa miaka. Hapa twawalaumu UASU pia. Chama kinachojua kuita mgomo nchi nzima kisiwaache hawa barazani huku wenye ajira ya kudumu wakila sebuleni. Tajiri akipata mtu wa kufundisha bila mkataba, nguvu ya mwenye mkataba yapungua siku ile ile.

Wanafunzi nao, ni nani aliyewahesabia siku 49? Mwana wa mkulima aliyepanga chumba Eldoret alilipa kodi ya chumba mwalimu awepo asiwepo. Wazazi wengi walijua habari za mgomo kwa redio tu. Yafaa chama kiwaandikie wazazi mapema, kwa Kiswahili chepesi, kiwaonyeshe deni na tarehe zake, maana wao ndio watakaosema na mbunge wao.

Mkataba wa kufuata ni wa 2025–2029. Twataka mtu wa Hazina Kuu awe mezani tangu siku ya kwanza, atie sahihi yake pamoja na wengine. Jumla iandikwe kwa shilingi, si kwa asilimia peke yake. Tarehe ya kila fungu iandikwe, na fungu likichelewa, deni lizae riba. Makato yasiyofika yaorodheshwe chuo kwa chuo kabla ya nyongeza yoyote kutajwa, na wahadhiri wa muda wawe na kiti chao katika mazungumzo hayo.