Mashine hukagua nyaraka, mzigo bado unataka macho ya mtu

Mfanyabiashara wa Mvara, mjini Arua, anayevusha bidhaa kupitia Vurra kwenda Kongo au Oraba, wilayani Koboko, kwenda Sudan Kusini, anajua kwamba kukagua nyaraka si sawa na kufungua mzigo. Tofauti hiyo sasa inajitokeza katika sayansi, na gharama yake hufika hadi mpakani.

Korona ilipoingia mwaka 2020, Uganda ilifunga mipaka kwa abiria, ikaruhusu mizigo, na madereva wa malori wakaanza kupimwa. Serikali nyingi ziliamua mambo mazito huku utafiti ukiwa bado mbichi. Wanasayansi walikuwa wakiweka ripoti zao mtandaoni, katika hifadhi kama medRxiv na bioRxiv, kabla wataalamu wenzao hawajazihakiki.

Kwa kuwa ripoti zilikuja kwa maelfu, kikundi cha watafiti wa nchi mbalimbali kilitumia programu za kompyuta kuzichuja. Programu hizo huuliza maswali ya msingi: Je, idadi ya waliopimwa ilipangwaje? Takwimu zimewekwa wazi ili mwingine arudie hesabu? Waandishi wametaja udhaifu wa kazi yao?

Majibu yalichapishwa katika jarida la Nature Medicine mwaka 2021. Katika ripoti zaidi ya 6,500, ni takriban theluthi moja tu zilizotaja udhaifu wowote. Zilizoweka takwimu wazi hazikufika hata moja kati ya sita.

Lakini mashine ina mwisho wake. Inaona kama cheti kipo. Haijui kama kilichoandikwa ni kweli. Novemba 2020 ripoti kutoka Misri ilidai kwamba dawa ya ivermectin hupunguza sana vifo vya korona. Aliyeifichua ni mwanafunzi mmoja wa London aliyefungua faili la takwimu, na ndani yake zikagunduliwa rekodi za wagonjwa zilizojirudia. Ripoti iliondolewa Julai 2021, baada ya miezi minane ya kunukuliwa duniani.

Hili si suala la maabara za mbali. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa sharti la cheti kuonyesha kiwango kisichozidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwaka 2023 Sudan Kusini nayo ilizuia malori ya mahindi na unga ya Uganda upande wa Nimule kwa hoja hiyo hiyo. Sumukuvu ni hatari ya kweli, na hakuna nchi inayolaumiwa kwa kulinda walaji wake. Ila haikai sawasawa ndani ya gunia: sampuli ya gunia moja inaweza kuwa safi na ya jirani yake ikawa chafu. Namna ya kuchukua sampuli ndiyo inayoamua lori lipite au lioze njiani.

Kwa hiyo maswali ya zile programu yanafaa pia kuulizwa mpakani: magunia mangapi yalipimwa, kwa njia gani, na matokeo yako wapi? Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo sasa inazijumuisha Uganda, Kongo na Sudan Kusini, ingeweza kuzitaka mamlaka za viwango ziambatanishe majibu hayo na kila zuio. Kompyuta ingetambua haraka zuio lisilo na maelezo. Kupima upya mahindi yenyewe kungebaki kazi ya watu, na mwenye mzigo angekuwa na kitu cha kukatia rufaa.