Mama Aliyetibiwa Saratani ya Titi Asikatazwe Kunyanyua

Mama akimaliza matibabu ya saratani ya titi, mara nyingi huondoka hospitali na neno moja: "Mkono huo usiubebeshe kitu." Hulishika kama amri. Lakini nyumbani kwetu amri hiyo haidumu. Siku binti yuko shule na maji yamekwisha, mama hunyanyua ndoo ya lita 20 kwa mkono uliokaa bure tangu alipolazwa. Hapo ndipo anapoumia. Kwa maoni yangu kosa si lake, ni la ushauri uliotolewa nusu.

Hofu yenyewe ina chanzo. Katika upasuaji, daktari huweza kuondoa tezi za kwapani, na mionzi huweza kudhoofisha zinazobaki. Tezi hizo ni njia ya majimaji ya mwili yaitwayo limfu. Njia ikiharibika mkono huvimba, na uvimbe huo ukishazoea ni vigumu kuuondoa kabisa. Ndiyo maana kila mzigo ulihesabiwa kuwa hatari.

Mwaka 1996, huko Vancouver, Kanada, Dk. Don McKenzie aliwakusanya wanawake 24 waliotibiwa saratani ya titi, akawafundisha kupiga makasia katika mitumbwi mirefu ya Kichina, baada ya kuwaimarisha kwanza kwa mazoezi ya nchi kavu. Hakuna aliyepata uvimbe mpya.

Mtu aweza kubisha kwamba 24 ni wachache, na ni kweli. Lakini mwaka 2009 Dk. Kathryn Schmitz wa Philadelphia, Marekani, alitoa matokeo ya wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imekwisha vimba. Kundi moja lilinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, mwaka mzima. Uvimbe wao haukuzidi ule wa wenzao. Tena, waliozidiwa na uvimbe walikuwa asilimia 14, na kwa wasionyanyua asilimia 29. Walianza na uzito mdogo sana, wakasimamiwa wiki 13 za mwanzo, wakaongeza kidogo kidogo, huku wamevaa soksi ya mkono ya kubana. Mkono wenye nguvu haushtushwi na ndoo.

Vyuma si lazima. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ina uzito wa nusu kilo. Daktari akisharidhia na kidonda kimepona, mama aishike, akunje kiwiko taratibu mpaka chupa ifike begani, aishushe. Mara kumi, apumzike, arudie. Afanye siku mbili kwa wiki zisizofuatana. Mkono ukitulia, aongeze kidogo. Akiacha wiki kadhaa kwa safari au msiba, asirudie uzito alioachia, bali aanze chini. Pete ikianza kubana au mkono kuwa mzito, asimame na aonwe na mtaalamu. Ukiwa mwekundu na wa moto, pamoja na homa, aende hospitali siku hiyohiyo, maana hayo huenda ni maambukizo.

Wauguzi, dakika kumi za kumwonyesha mama haya siku ya kuruhusiwa si nyingi. Na wewe baba, ndoo ya lita 20 kwa sasa ichukue wewe. Ile chupa mwachie mama.