Mtoto Akasome Jiografia Apate Nini?

Juzi tulikuwa barazani baada ya sala ya laasiri, yakazuka mazungumzo juu ya binti mmoja wa mtaani petu aliyepata nafasi ya Chuo Kikuu. Wazee walipouliza anakwenda kusomea nini, babake alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri kosa: "Jiografia ya watu." Barazani pakanyamaa. Kisha mmoja akasema, "Akasome milima na mito apate nini?" Watu wakacheka, nami, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Usiku ule sikulala vyema. Nilijiona nimemcheka mtoto wa watu kwa jambo ambalo sikulipima. Leo nataka kulipa deni langu.

Kwanza, msomaji, somo hili si la milima na mito. Hiyo ni jiografia ya maumbile. Jiografia ya watu huuliza mengine: watu hawa wamekaa hapa kwa sababu gani? Nani aliwatangulia, na nani aliwafuatia? Ardhi ni ya nani, na kwa hati gani? Mji unakua upande upi, na ni nani anayesukumwa nje?

Wala si ilimu ngeni kwetu. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331, alieleza kuwa chakula cha wenyeji ni ndizi na samaki, kwamba nafaka huletewa kutoka kwingine, na kwamba misikiti yao ni ya mbao. Ibn Khaldun naye, katika Mukaddima aliyoiandika mwaka 1377, aliyafanya maisha ya watu wa jangwani na wa mijini kuwa ilimu yenye jina lake, ilimu ya umrani. Na sisi tuliokaa mkekani chuoni, tulifunzwa kibla kabla hatujaona ramani. Mtu wa Mombasa akielekea kibla huwa ameelekea kaskazini karibu moja kwa moja, na ndiyo maana kwa wazee wetu neno kibla likawa pia jina la upande huo. Kaskazini na kusini nazo zimetokana na pepo: kaskazi iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, na kusi iliyoyarejesha. Lugha yetu yenyewe imefuata safari za watu.

Lakini sisemi haya kwa kujisifu, bali kwa uchungu. Mwaka 1908 ilitoka sheria ya hati za ardhi hapa pwani. Kila mwenye kudai shamba alitakiwa apeleke dai lake likaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Wengi waliokuwa na minazi, visima na makaburi ya mababu lakini hawana karatasi, walijikuta wageni kwao. Hadi leo tunao maskwota katika ardhi walipozaliwa baba zao. Aliyekuwa na kalamu na ramani ndiye aliyesikizwa.

Tazama na Lamu. Bandari mpya ilipoanza kujengwa katika Ghuba ya Manda, wavuvi walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kuwa haki zao zimevunjwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kesi kama ile ina maswali yake: nani huvua wapi, kwa chombo gani, na hupoteza nini bahari inapochimbwa? Hayo ndiyo maswali ya somo tulilolicheka.

Nitaulizwa: je, kazi? Sikatai, shahada si mshahara, na wazazi wana haki ya kuhofu. Lakini sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa miaka 10 wa matumizi ya ardhi. Mipango hiyo haichorwi na malaika. Profesa Simeon Ominde, aliyeongoza tume ya elimu ya mwaka 1964, alikuwa mwanajiografia, na kitabu chake cha mwaka 1968 kilihusu ardhi na uhamaji wa watu wa Kenya. Hakuna aliyeweza kumwambia kuwa amesoma upuzi. Basi siku ramani ya Kwale, Kilifi au Mombasa inapotandikwa mezani, ni nani wetu atakayekuwa pale? Asiyekuwapo na lake halipo.

Tumezoea kutaka kila mtoto awe daktari, mhandisi au wakili. Hao twawahitaji. Lakini daktari hatakwambia mtaa wako ulianzaje, na wakili hawezi kuitetea mipaka ambayo hapana aliyeiandika.

Nimekwisha kwenda kwa babake yule binti nikamtaka radhi. Nawaomba na wenzangu wa barazani jambo moja. Siku atakaporudi likizo na daftari lake, akatuuliza kisima cha zamani kilikuwa wapi, nani alikaa ng'ambo ya msikiti na njia ya pwani ilipita wapi kabla ya kuzibwa kwa ukuta, tusimcheke. Tumkaribishe kahawa, tumjibu, naye aandike. Sisi tunaoyakumbuka hayo tunapungua kila mwaka.